Nyeupe Imeshuka

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sifichi. Mtu akiniudhi asubuhi, jua halijazama atakuwa amenisikia. Kwa hiyo aliyekuwa wifi yangu alipofungua banda la gemu ng'ambo ya barabara, mlango wake ukiutazama mlango wangu, Bagamoyo yote, mtaa wetu hapa Tukuyu, ilijua kwamba nimekasirika, hata wale ambao hawakuuliza.

Banda langu lilikuwa chumba kimoja cha kupanga, chini kidogo ya soko la Tukuyu. Nilikichukua baada ya kuachika, na vitu vyangu vyote nilivyotoka navyo kwenye ile ndoa niliviuza, nikanunua televisheni, mabenchi mawili, na mashine moja nyeusi ya gemu kutoka Mbeya. Watu walinicheka. Eti mwanamke mzima, umemaliza kulia unafungua banda la gemu! Lakini vijana wa bodaboda walikuja kucheza mpira, walimu wakaja wakitoka kazini, na hata bwana mmoja wa kilimo, mtu wa Dodoma aliyechoka na mvua yetu, akawa haendi nyumbani mpaka amefungwa mechi mbili tatu. Nikalipa pango, nikala, nikasuka nywele. Jamani, nilijiona mtu.

Likifa banda, mimi narudi kijijini Suma kwa mama. Hilo nililijua na kila mtu alilijua. Kurudi kwa mama si aibu kwangu, lakini ukoo wa yule bwana aliyeniacha ungepata la kusema kwenye kila msiba kuanzia hapa mpaka Katumba. Wangesema walinijua tangu mwanzo, huyu hana anachoweza. Kila asubuhi nilipofungua kufuli, hilo ndilo nililokuwa nalifungulia.

Basi wifi alikuja na mashine nyeupe. Sikuzijua sana hizi mashine wakati ule, nilijua tu kwamba zinatengenezwa na kampuni mbili zisizopendana, na diski ya hii haiingii kwenye ile. Mteja aliyezoea padi ya kuchezea ya nyeusi, mpe ya nyeupe, atalalamika kama umempa kiatu cha mguu mwingine. Nilijipa moyo kwa hilo. Wangu ni wangu, nikasema, na wake ni wake.

Kisha siku moja mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku zote, akawa anasoma kwenye simu akisubiri zamu yake. Akasema kampuni ya mashine nyeupe imepunguza bei. Nilicheka. Nikamuuliza hao wazungu na wajapani wao wanatuhusu nini sisi wenye matope mpaka magotini.

Nilikuwa sijui ninachocheka. Mwezi haukwisha vizuri, wifi akaweka mashine ya pili. Mvua iliyofuata ikakuta ana ya tatu. Akapunguza na bei ya mechi, na vijana wangu wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja, wananipungia mkono kwa adabu kabisa, kama watu wanaosafiri.

Nilikaa mlangoni nikiutazama ule mlango wa pili, na nitasema ukweli, hasira iliniishia nikabaki nashangaa. Kuna watu wamekaa mahali fulani wamevaa makoti yao, wamezunguka meza. Hawajawahi kusikia jina la Tukuyu. Hawajui kwamba kuna mlima unaitwa Rungwe, wala kwamba huku unaweza kuanika nguo Jumatatu ukaivaa mbichi Ijumaa. Wakasema neno moja tu, tupunguze. Neno hilo likavuka bahari, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapita Kariakoo, likapanda mpaka Mbeya, likaja likakaa kwenye benchi langu na kulifanya tupu. Mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama. Nilikuwa naogopa wachawi miaka yote hiyo, kumbe kuna kitu kinachofika mbali kuliko wachawi wote.

Na haikuishia hapo. Kampuni ya mashine nyeusi nayo haikukubali, ikapunguza ya kwake. Nikafurahi, nikasema sasa na sisi tumejibu. Eti sisi! Kumbe ile iliyoshuka ni hii hii yangu niliyoinunua kwa bei ya juu, na sasa mwenye mshahara yeyote anaweza kuiweka sebuleni kwake. Bwana kilimo akanunua yake. Alikuja kuniaga kama mtu anayehama mji, masikini, na nyumba yake ipo pale pale naiona nikisimama mlangoni.

Yule mwalimu ndiye alinieleza mchezo wenyewe, siku moja tulipokuwa wawili tu bandani. Akasema hawa wenye mashine wakati mwingine wanakubali kuiuza kwa hasara, kwa sababu faida yao iko kwenye diski. Nikaelewa pale pale, maana dada yangu aliwahi kupewa jiko la gesi kwa bei ya kuokota na mtu ambaye ndiye muuza gesi wa mtaa. Mashine ni jiko. Wanapigania nani awe na jiko lake jikoni kwako, halafu utapika kwa gesi yake mpaka uzeeke. Nilipiga mguno mrefu. Watu wana akili, yaani mtu anakaa anapanga hasara yake mwenyewe kama anapanga harusi!

Nami nikajaribu. Nikashusha bei ya mechi. Wifi akashusha. Nikashusha tena, akashusha tena. Tukashushana mpaka hela ya mechi nzima ikawa haitoshi hata umeme wa ile mechi. Lakini wifi alikuwa na mume na duka la vipuri nyuma yake, mimi nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Sasa niseme habari ya mama. Mama yangu anaishi Suma, na migomba yake na ng'ombe wake mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nyumbani anasema Kinyakyusa, Kiswahili chake amekiokota sokoni, na herufi ya ra hajawahi kuitumia, kwake mpira ni mpila. Kila siku ya soko alikuja na ndizi zake, akishamaliza kuuza anapita bandani, ananiletea maziwa kwenye kidumu, anakaa kwenye benchi amevaa sweta na mabuti yake ya mvua, anawatazama vijana wanavyocheza. Hakuwahi kuuliza ni nini kile. Alisema tu kwamba wale watu wadogo ndani ya kioo wanakimbia sana na hawapewi maji.

Tena lazima ujue namna tunavyosema huku. Tukuyu iko begani mwa mlima. Barabara kubwa ni moja, unapanda kwenda Mbeya au unashuka kwenda Kyela. Ukiuliza fulani yuko wapi, utaambiwa ameshuka, na hakuna anayeuliza ameshuka wapi. Mchele uko huko, samaki wa ziwani wako huko, mawese yako huko. Kilichoshuka kiko Kyela, ukikitaka kifuate.

Siku hiyo mama amekaa kwenye benchi, kidumu cha maziwa kiko miguuni pake, na mwalimu akasoma tena kwenye simu yake. Akasema, "Nyeupe imeshuka tena." Nikashika kichwa. Nikasema kwa sauti, sisemi na mtu, kwamba ningepata moja tu ya hizo zilizoshuka, moja tu, ningepona. La sivyo mwisho wa mwezi huu namrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.

Mama akageuka. "Imeshuka kweli?"

"Imeshuka, mama."

"Na watu wanaifuata?"

"Wanaifuata mbio. Mimi tu ndiye nimekaa hapa."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua kidumu kitupu cha wiki iliyopita, akaondoka. Nilidhani amechoka kusikiliza.

Soko lililofuata hakuja. Nilitoka mlangoni nikaingia, nikatoka nikaingia. Mama yangu hakosi soko, hata na homa anakuja. Mchana akapita mama mmoja jirani yake wa Suma, nikamuuliza. Akasema mbona ameshuka, amemwona kituoni tangu alfajiri akingoja gari la Kyela. Mama hana ndugu Kyela, hapendi joto la Kyela, na mara ya mwisho kwenda huko mimi nilikuwa mgongoni. Nikafikiria yote mabaya anayoweza kuyafikiria mtu, nikaanza kugombana na kila aliyesimama karibu, mpaka mwalimu akaona bora aende nyumbani.

Jioni, mvua inanyesha, gari kutoka Kyela likasimama. Akashuka mama na mabuti yake, kifuani amekumbatia kitu kikubwa amekifunika kwa kitenge chake, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Akaingia bandani, akakiweka kwenye benchi, akakifunua. Boksi. Ndani yake mashine nyeupe, mpya, na padi zake.

"Nimeikuta," akasema. "Ilikuwa imeshuka kweli."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikagundua kwamba machozi yale si ya kucheka. Nilimweleza kwamba imeshuka bei, mama, bei, haikushuka Kyela. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniuliza kama haikushuka Kyela, hii ameitoa wapi?

Na hapo akanisimulia. Alipofika alipita duka kwa duka akiulizia mashine nyeupe ya mpila iliyoshuka. Wengi walimwonyesha mashine za kusagia. Mpaka akafika kwa muuza vifaa vya umeme mmoja, na yule bwana uso ukambadilika. Alikuwa ameleta ile mashine kwa bei ya zamani, ikakaa, kila siku anasikia huko duniani bei inazidi kuporomoka, usingizi haupati. Anaingia mama mzee na mabuti yake anamwambia najua imeshuka. Akaona ameshikwa. Akadhani huyu mama anafuatilia soko lote la dunia. Akamshushia, na mama, kwa kuwa ni mtu wa soko, akaguna, akageuka kuondoka, na yule bwana akamshushia tena.

Hebu fikiria. Neno limetoka kwenye ile meza ya wenye makoti, limevuka maji yote yale, na kwenye masikio ya mama yangu likawa njia. Akaifuata akaikuta. Mimi niliyejidai kulielewa nilikuwa nimekaa nalia. Sijawahi kuelewa jambo hili na sitaki kulielewa, nataka nibaki nalishangaa hivyo hivyo.

Nilipomuuliza hela katoa wapi, alisema ndizi zimetoa vizuri mwaka huu. Nikaamini. Soko lililofuata alikuja bila kidumu, akasema ng'ombe amekauka. Hilo nalo likapita, maana nilikuwa na mambo mengi.

Mambo yenyewe ni kwamba banda langu sasa lilikuwa na nyeusi na nyeupe chini ya bati moja, na hapa mjini hapakuwa na mwingine mwenye zote mbili. Ukitaka kubishana ipi bora, huwezi kubishana kwa wifi, unakuja kubishana kwangu, benchi hili na benchi lile, na mabishano yana njaa, kila ubishi unadai mechi nyingine. Wa nyeusi walirudi kuwaonyesha wa nyeupe. Wa nyeupe wakavuka barabara kuwakomesha. Hata bwana kilimo alirudi, akasema ya sebuleni haina kelele. Bei ya mechi niliirudisha ilipokuwa na hakuna aliyenung'unika.

Wifi mwenyewe alivuka siku moja, akasimama mlangoni amejifunga khanga, akachungulia. Akauliza kwa sauti ile ya kunyonga shingo, "Umeitoa wapi hiyo, wifi?" Tangu niachike hakuwa ameniita wifi.

Nikamwambia imeshuka. Akageuka, akaondoka. Nilikuwa mtamu siku nzima.

Mwisho wa mwezi ulipita na ufunguo nikabaki nao. Jumapili moja mvua ilikatika, nikafunga banda, nikanunua sukari, nyama na kilo mbili za mchele, nikaenda Suma kumpelekea mama habari. Nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nimepona. Nilimkuta jikoni anamenya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika. Nikasema ngoja kwanza nikamsalimie yule mwekundu, nione kama ameanza kutoa tena.

Zizi lilikuwa limefagiliwa. Kamba ilikuwa imeviringishwa vizuri, imetundikwa kwenye mti wa mlango, na majani yalikuwa yameanza kuota pale alipokuwa akilala.

Nilirudi jikoni taratibu. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa sukari, na sauti yangu yote ile inayojulikana Bagamoyo sikuiona. Nikauliza tu, "Mama, ng'ombe?"

Hakuinua macho kwenye ndizi. "Na yeye ameshuka," akasema.

Sikujua kama anasema Kyela au anasema bei, na sikuuliza. Nilichukua kisu kingine, nikakaa karibu naye, nikamenya.