Mama Aliponiomba Nimngoje

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda kifuani. Nimekuita uketi hapa kwa sababu asubuhi nilikusikia ukimwambia baba yako aache kujikokota, atembee kama mwanaume. Ulicheka, na wenzako wakacheka. Mimi sikucheka. Sikiliza basi, na usinikatize.

Ilikuwa wakati wa utawala wa Wabeleji hapa Kongo, miaka michache kabla ya uhuru, walipotulazimisha kila nyumba ilime pamba yake. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Fizi na Baraka. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa bado, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu. Mama yangu, Nyota, alijulikana njia nzima kwa mwendo wake. Akijitwika chungu cha mafuta ya mawese kichwani kwenda soko la Baraka, wanawake wenzake walimlalamikia kwamba anawatoa jasho bure. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia ili nisiachwe.

Halafu mwendo ule ukapungua. Haukupungua siku moja, ndiyo maana tuliuzoea. Hatua zikawa fupi, nyayo zikawa zinakwaruza udongo. Wanawake waliokuwa nyuma yake zamani sasa walimpita na kumsalimia wakiwa wanakwenda. Wala hakuwa na kidonda, wala homa, wala goti lililovimba.

Na alisema, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuficha. Tulikuwa tunamenya mihogo, akaweka kisu chini, akaniambia kwamba vitu vinamtoka kichwani, kwamba anaingia nyumbani kuchukua chumvi na akifika ndani hajui alichofuata. Nikamjibu kwamba hata mimi nasahau, kila mtu anasahau. Baada ya wiki kadhaa akanirudia. Safari hii alitaka jambo. Alitaka apelekwe Ubwari, ng'ambo ya maji, kwa dada yake mkubwa, Atosha, ambaye walikuwa hawajaonana kwa mavuno mengi.

"Munipeleke wakati mi ningali namujua," alisema.

Nikamwambia tungoje pamba iishe. Sikumuuliza hata maana ya maneno yale. Kaka yangu Wilondja nilipomwambia, alisema mama anatafuta kuhurumiwa ili asilime. Nami nikakubaliana naye, maana ilinifaa kukubaliana naye.

Sasa siku ile ya soko. Tulitoka pamoja asubuhi, mimi na kikapu cha mihogo mikavu, yeye na mawese yake. Kila nikigeuka namwona mbali. Namngoja, anafika, tunaanza tena, anabaki tena. Jua likapanda. Nilikuwa nawaza nafasi nzuri sokoni zinajaa. Tulipokaribia mahali njia inapogawanyika, moja ikishuka Baraka na nyingine ikipanda milimani, nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake:

"Mama, munanichelewesha. Njia munaijua. Mutanikuta soko."

"Riziki, ungojee mi kidogo. Usiniache hapa penye njia mbili."

Nilimwacha.

Nilipata nafasi nzuri. Mihogo iliisha mapema, nikakaa na rafiki zangu nikala ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, nikacheka sana. Jua lilipokuwa utosini ndipo nikaanza kutazama njiani. Nikauliza wanawake wa kijiji chetu mmoja mmoja. Wengine walimpita asubuhi, hakuna aliyemwona tena. Nikarudi mbio. Pale penye njia mbili palikuwa na mawese yake yamewekwa chini vizuri, kama mtu anayepumzika, lakini yeye hakuwapo.

Kijiji kizima kilimtafuta siku mbili. Siku ya tatu asubuhi watu wa milimani, wafugaji wanaosema Kinyarwanda, walishuka wamembeba kwa kipoyi, kile kitanda cha mabegani. Walimkuta amekaa malishoni kwao, miguu imechanika, wakampa maziwa na kumfunika. Hawakutudai lolote. Baba mmoja kati yao aliniambia kwa Kiswahili kidogo kwamba mama alikuwa anamwita mtoto wake amngojee.

Ungedhani kaka yangu angeshukuru. Alisema mtu mzima hawezi kupotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, isipokuwa ana shughuli zake za uchawi huko msituni. Neno hilo likatoka nyumbani kwetu likaingia nyumba za jirani. Watoto walikatazwa kupokea chakula mkononi mwa mama. Na mimi, niliyejua ukweli, nilinyamaza.

Mjomba Asukulu, mdogo wake mama, alivuka kutoka Ubwari kwa mtumbwi aliposikia. Alituketisha sote. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwanza Wilondja:

"Baba yetu alianza vile vile. Miguu njo ilitangulia, halafu majina ya batu. Kama dada yangu ni mulozi, basi baba yangu alikuwa mulozi, na mi pia. Ulisemee mbele yangu."

Mjomba akanigeukia, akaniuliza kama mama aliniambia. Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Nikasema mbili nyumbani, na ya tatu pale penye njia mbili.

"Alikuambia wakati alikuwa angali anaweza kusema," akasema. "Leo mi namuuliza, hanijibu. Ule wakati ulipewa wewe, ukautupa."

Kesho yake tulimvusha mama hadi Ubwari. Mama Atosha alitungojea ufukoni, akapiga magoti kwenye mchanga, akamshika mama miguu yake yenye vidonda. Mama akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni, akaniuliza: "Huyu mama ni wa wapi?"

Niliishi na mama miaka minne baada ya pale. Nilimlisha, nilimwogesha, nilitembea kando yake. Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe.

Sasa shika hili. Mzee akitembea polepole peke yake, huenda ni goti au uchovu. Akisahau peke yake, huenda ni mawazo mengi. Lakini mwendo ukipungua bila sababu unayoiona, na yeye mwenyewe akikuambia kichwa hakiko sawa, usimjibu kwamba kila mtu anasahau. Mpeleke kwa munganga wa hospitali apimwe mapema, maana magonjwa mengine yanafanana na huu wa kusahau na yana dawa. Na kama ni wenyewe, usiorudi nyuma, basi mnao muda: wa kumpeleka anakotaka kwenda, wa kumuuliza mnachotaka kujua, wa kumlinda na njia na midomo ya watu. Atakayemwita mchawi, simama umkanye, hata akiwa kaka yako.

Mwende na baba yako kwa munganga kesho. Na utembee mwendo wake.

Mungu akupe masikio ya kusikia jambo likisemwa mara ya kwanza, mwanangu. Na siku miguu yako itakapochoka, akupe mtu wa kukungoja.