Liévin, Mkata Masikio ya Mbwa

Koti jeupe la Liévin hakulinunua, wala hakupewa na shule yoyote. Alilikuta Marabo, kwenye shamba la kuku alikokuwa mlinzi wa lango, siku daktari wa mifugo wa shamba hilo alipohama na kulisahau likining'inia msumarini. Liévin alilivaa ili kulijaribu tu. Mwanamke mmoja aliyepita akamsalimu "Docteur", na tangu hapo hakulivua tena. Kabla ya hayo alikuwa akipakua magunia kwenye malori Komanda, kazi ya heshima ambayo ingemfaa hadi leo, maana mgongo anao.

Alipofika Bunia aliweka meza kando ya soko. Juu yake alipanga kamba za mbuzi, vidonge vya minyoo vilivyopauka kwa jua, na sumu ya panya katika pakiti nyekundu. Dawa na sumu zilikaa bega kwa bega, na mwenye meza hakuonekana kujua zinatofautiana nini.

Elimu yake yote ilikuwa maneno mawili: damu nzito. Mbwa akijikuna, ana damu nzito. Akibweka kupita kiasi, damu nzito. Asipobweka, damu imekuwa nzito mno hata sauti haipiti. Tiba nayo ilikuwa moja. Kwetu watu wengi hukata ncha ya sikio la mbwa angali mdogo, wakiamini atakuwa mkali. Ujinga huo haukumtosha Liévin. Aliukuza ukawa matibabu. Alikata sikio la mbwa wa umri wowote kwa ugonjwa wowote. Damu ilitoka kidogo, ikaganda, mbwa akatimua mbio kwa uchungu, na Liévin akawageukia watu: "Munaona? Nguvu imerudia!"

Watu walimwamini. Hilo linakera kuliko koti. Nimewaona walimu na makarani wamesimama mbele ya meza ile, mikono nyuma, wakisikiliza habari za damu nzito kama wako kanisani.

Mama Dorcas naye alimwamini, ingawa hakuwa mpumbavu. Alitoka upande wa Bambu. Vita vilipomfukuza kijijini, mbwa wake alimfuata kwa miguu mpaka Bunia. Mbwa huyo aliitwa Waseme, jina lililokuwa limekusudiwa majirani wa zamani. Mama Dorcas alipanga chumba na kuishi peke yake, akiuza unga wa muhogo. Mlango wa chumba ulikuwa wa mbao nyembamba ambazo teke moja lingeziangusha. Wezi wa mtaa waliujua mlango ule vizuri. Walimjua Waseme vizuri zaidi, ndiyo maana hawakuwahi kuja.

Panya walipoanza kutoboa magunia, Mama Dorcas alikwenda kununua pakiti nyekundu.

"Docteur, haitaua mbwa yangu?"

"Mama, dawa hii iko na akili. Inajua panya tu."

Dawa yenye akili ilifanya kazi. Panya walitoka wakiyumbayumba uani, na Waseme, aliyekuwa na njaa kama mbwa wote wa Bunia, akawala. Baada ya siku kadhaa Mama Dorcas alimwita aje kula. Mbwa akaja mbio, akajigonga kwenye mwimo wa mlango. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akajigonga pale pale. Macho yalikuwa wazi, lakini ndani yake palikuwa pekundu. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama unga aliouza Mama Dorcas.

Liévin akaitwa, naye akaja, koti na yote. Alifunua kope za mbwa kwa kidole kichafu, akatikisa kichwa.

"Damu imeganda mu macho," akatangaza. "Njo maana haone. Inapashwa kutoka, na njia yake ni sikio."

Josaphat, jirani wa ukuta mmoja na Mama Dorcas, alikuwa amekuja kutazama. "Jicho na sikio vinakutana wapi, Docteur?"

"Weye ulisomea nini?"

"Useremala."

"Basi nenda urekebishe viti."

Akakata. Waliokuwapo wakangoja damu ikome, kama inavyokoma siku zote. Haikukoma. Liévin alibandika unga wa kahawa. Damu ikausukuma ukaanguka. Alibandika majivu, yakawa tope. Alifunga kitambaa, kitambaa kikalowa na kuanza kudondosha. Waseme alikaa chini taratibu, kisha akalala ubavu.

"Ni damu mubaya hiyo," Liévin alisema, akijipangusa kwenye koti. "Iacheni itoke yote."

Mama Dorcas alikuwa amepiga magoti, akitazama damu nyepesi ikiingia mchangani.

"Docteur, ulisema damu yake inaganda."

"Ndiyo."

"Mu macho inaganda, mu sikio inakataa kuganda?"

Liévin alilinyoosha koti lake. Kisha akatoa jibu ambalo mtaa mzima unalikumbuka: "Mama, kila kiungo iko na damu yake."

Josaphat alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Dorcas hakucheka. Alivua kitenge chake cha juu, akalibana sikio nacho kwa vidole vyote, akambeba mbwa na kusimamisha barabarani pikipiki, ambayo Bunia huitwa moto.

"Mama, tangu lini mbwa inapanda moto?" dereva aliuliza.

"Tangu leo. Enda!"

Bénédicte, daktari wa mifugo aliyesomea kazi yake, alitazama ufizi, akatazama macho, akauliza swali moja tu.

"Mulitega sumu ya panya?"

"Nilitega. Lakini hakuila, alikula panya."

"Ni sawasawa, Mama. Hapa hakuna damu iliyoganda. Sumu hiyo inazuia damu kuganda, basi inavuja ndani, hata nyuma ya macho. Ndiyo imemfunga kuona. Sasa nani alimukata?"

"Docteur Liévin."

Bénédicte alilitazama sikio. "Alitoboa pipa ambalo halina kizibo."

Alimchoma mbwa vitamini K, ile ile wanayochomwa watoto wachanga, akampa Mama Dorcas vidonge vya kumlisha kwa majuma mengi.

"Ataona tena?"

"Labda jicho moja, kidogo. Sitakudanganya."

"Ataweza kunilindia mlango?"

"Mama, kwanza aishi."

Aliishi. Sikio lilikauka, jicho la kulia likaanza kufuata mwanga, la kushoto likabaki tupu. Lakini Waseme alikaa kando ya mlango bila kutoa sauti, wapita njia wakapita. Mtaani wakaanza kusema mbwa wa mwenye unga amekwisha. Mama Dorcas alisikia, akaanza kulala na mchi wa kutwangia kando ya kitanda.

Na Liévin? Mezani kwake alieleza jinsi yeye alivyotoa damu mbaya yote. Hiyo vitamini ilikuwa ya kumalizia tu. Siku ya soko akapata mteja, Ambroise, mfuga mbwa wawili, akaamua kumwonyesha mgonjwa aliyepona. Walipanda njia ya mtaa, Liévin akisema kwa sauti ya mahubiri.

Walikuwa bado hawajafika kwenye kona. Waseme aliinua kichwa, akasimamisha sikio zima na lile nusu. Akabweka kwa mara ya kwanza tangu akatwe. Akasimama, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye uzio bila kugonga kitu, akasimama hapo, meno nje, akiyaelekeza mahali hasa sauti ilipotoka. Walipokata kona, meno yalikuwa yakiwangoja.

"Docteur," Ambroise alisema, akisimama, "inakujua."

"Inanishukuru."

"Basi ikushukuru toka huku."

Wakarudi walikotoka. Ambroise, pamoja na yote aliyoyaona kwa macho yake mazima, alimpelekea Liévin mbwa wake wakakatwe. Watu wa namna hiyo hawapungui, na Liévin hatakosa chakula.

Mama Dorcas alitoka na unga mikononi, akamkuta mbwa bado ananguruma.

"Basi, baba. Nimesikia."

Kisha aliingia ndani, akauchukua mchi kando ya kitanda, akaurudisha kwenye kinu.