Gari la Kubebwa

Mashine ya mjukuu wangu ilikuwa mbaya kwa sura, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Mapipa ya mafuta, mawili kila upande, yamechomelewa kitako kwa kitako, na juu yake ukanda wa chuma umezungushwa toka mbele hadi nyuma kama nyoka anayepanda mti. Katikati kiti na injini ya pikipiki. Tairi hakuna. Mapipa yanazunguka, ukanda unalikata tope kama parafujo inavyoingia kwenye ubao, na mashine inasogea. Majini inaelea, maana mapipa yana hewa tupu.

"Bibi, umeelewa?"

"Nimeelewa. Ni mashine ya kusagia nyama iliyokosa nyama."

Alicheka mpaka akaweka chini kinyago chake cha kuchomelea. Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza. Amesomea uchomeleaji chuo cha ufundi pale Tabora mjini, akarudi kwangu Kigwa, akanyang'anya banda la kuku akaligeuza karakana. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini banda nilitoa kwa mkono wangu, na kuku wakalala jikoni.

Baba yake hakupenda. Alikuwa ameshamtafutia nafasi dukani kwa ndugu yetu Dar es Salaam. Akaja kukaa uani kwangu, akasema mbele yangu kwamba mvua zikiisha na hilo dude halijabeba kitu cha kuonekana kwa macho, binti atapanda treni. Mjukuu wangu akakubali, wakapeana mikono. Niliwaangalia wote wawili nikaona ni kichwa kilekile kigumu, na nilijua kimetoka wapi.

Jioni, nikichambua mchicha, alinionyesha picha kwenye simu na kunipa habari za mashine za namna hiyo. Zamani, babu yangu akiwa bado ananyonya, Mmarekani mmoja aliiwaza ili imlimie shamba. Wengine wakafunga parafujo kubwa kwenye trekta, ikatembea juu ya theluji ikivuta magogo. Waholanzi wakaitumia kwenye tope la nchi waliyoipokonya bahari. Warusi wakaunda yao ya kuwafuata watu waliorudi kutoka angani, wakaangukia porini penye kinamasi ambako gari halifiki. Nikamuuliza, kama ni nzuri hivyo, mbona sijaiona hata moja maishani mwangu. Akasema kwenye ardhi ngumu hazifai kitu, ndiyo maana hazikuenea. Alisema haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

Nililala nikiwaza. Watu wote hao walijua kasoro yake, na bado kila mara akatokea mwingine mahali pengine akaunda tena. Nadhani tope linamuudhi mtu sana. Nyuma ya nyumba yangu ndiko ilikopita ile njia ya misafara, na baba wa babu yangu aliipita na pembe ya ndovu kichwani mpaka pwani. Nyumbani walisimulia kwamba hakuna kilichowatesa kama mbuga, haya mabonde yetu ya mpunga, wakati wa masika: tope la mapajani, jepesi kwa kuliona, zito kwa kulitembea. Pembe haikuzama kwa sababu ilikuwa juu ya kichwa cha mtu.

Mwaka huu mvua ilirudi wakati tumeshaukata mpunga. Tulikuwa tumeurundika juu ya kichuguu katikati ya mbuga, ukauke, na asubuhi tukakuta maji pande zote. Mkokoteni ulioufuata ukazama hadi ekseli, ng'ombe tukawafungua wakatoka wenyewe. Mpunga ukikaa pale unachipua. Mjukuu wangu akaniangalia, na mimi nikamwangalia.

Jumamosi aliiwasha. Uani kwangu pamekanyagwa miaka na miaka, pagumu kama sakafu. Mapipa yakazunguka, na badala ya kwenda mbele mashine ikabingirika kiubavu, ikaukumba uzio wa bafu ikaulaza chini. Akazima injini, akabaki amekaa juu yake.

Jirani yangu alikuwa njiani. Ni Mzaramo, alifanya kazi ya reli akastaafia hapahapa, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizohizo za misafara. Hana ruhusa ya kutunyamazia.

"Mtani," akaniita, "watu wengine gari linawabeba. Nyinyi mmeunda la kubebwa. Damu ya upagazi haitoki."

Mjukuu wangu machozi yakamlenga. Mimi nilikuwa nimeshika neno moja tu, kubebwa. Nikamuuliza, ile ya Warusi, kutoka mjini ilifikaje huko porini.

"Walikuwa wanaibeba, bibi. Mgongoni mwa lori kubwa."

"Na waliona aibu?"

Akapangusa uso kwa mkono wenye grisi.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema nataka mabega, na wali utaliwa kwangu. Mwanangu alikuwa benchi la mbele. Tulipotoka akaninong'oneza, "Mayu, mama, unanitia aibu mbele za watu." Nikamwambia aibu aiweke mfukoni, tutaigawana baadaye.

Uani kwangu wanaume wakavua makoti, wakapitisha miti chini ya mapipa, wakainua. Mtani akatangulia mbele, mwavuli juu kama bendera, akijifanya kirangozi wa msafara, akiwatukana kwa kila jiwe walilojikwaa. Wanawake tulifuata na magunia matupu. Nitasema kweli, nilitembea shingo juu. Babu zangu walibeba mali za wengine. Hiki kilikuwa chetu.

Kwenye ukingo wakaishusha. Mjukuu wangu akakaa, akawasha. Tope likaruka, mapipa yakanguruma, na lile dude baya likaingia mbugani polepole kama nguruwe anayejua anakokwenda, likiburuta bati tulilolikunja ncha ili lipakiwe mpunga. Lilipofika penye maji likaelea. Mtani akashusha mwavuli.

Mjukuu wangu alikwenda na kurudi mpaka jua likapinda. Mpunga wa chini ulikuwa umeshachipua, tuliwaachia bata. Wa juu ulikuwa mzima. Mganda wa kwanza mtani aliuchukua bila kuomba, akasema ni wake, na ni wake kweli. Safari ya mwisho mashine ilirudi imeinama upande; pipa moja lilikuwa linavuja.

Sasa ikawa ya kurudisha nyumbani. Wengine walishaondoka na magunia, na mti wa mbele ulikosa bega. Mwanangu alikuwa amesimama kando kutwa nzima, viatu vyake vya kanisani visafi. Akalikunja koti lake akaliweka begani likawa ngata, akainama chini ya mti.

"Hee," mtani akasema, "na wewe mpagazi?"

"Tangulia, mtani. Shika njia."

Wakainua. Tulikuwa tumefika kwenye ardhi ngumu nilipomsikia akimwita binti yake, sauti imebanwa na uzito.

"Hili pipa linalovuja, utalichomelea lini?"

"Kesho, baba."

"Kesho mimi nipo," akasema, akahamisha mti bega la pili.