Kabati la Vitabu la Chang'ombe

Siku niliyoripoti kazini, katika ofisi ya gazeti la vijijini hapa Dodoma, Mhariri Mkuu alinipa prufu, yaani karatasi za majaribio zinazosomwa kabla gazeti halijachapwa, nisahihishe makosa. Nilipoomba kamusi alisema, "Ya ofisi haitoki mezani kwangu. Ukitaka kuwa mwandishi, binti, anza kununua vitabu vyako."

Nikaanza. Soko huria lilikuwa limeingia. Mitumba ilijaa kila mtaa, na duka kubwa la vitabu likafungwa. Wenye duka walivimwaga vitabu sakafuni viuzwe kwa bei ya kutupa, mimi nikavinunua na kuvibeba kwa kikapu cha sokoni. Mume wangu Yohana, aliyekuwa seremala, alinitengenezea kabati la mbao za mninga lililojaza ukuta mzima wa sebule yetu Chang'ombe. Hadithi zangu zote zilizotoka gazetini niliziandikia mbele ya kabati hilo. Nikikwama, nilitoa kitabu, nikatazama mwandishi mwenzangu alipitaje mahali kama hapo, nikaendelea.

Kisha gazeti nalo likafungwa. Wengi walipunguzwa kazini. Mimi nilichukuliwa na Afisa Elimu wa Kongwa kuandika taarifa za shule. Nilikuwa huko Yohana alipougua homa ya uti wa mgongo akafariki.

Baada ya mazishi, kaka yake mkubwa alitangaza kwamba mali ya marehemu inarudi kwa ukoo. Nikamwambia vitabu ni vyangu.

"Vitabu hatuvitaki, shemeji," alisema kwa upole. "Tunachukua kabati."

Wakavitoa, wakavirundika uani, kabati likapakiwa kwenye lori. Alasiri mvua ikanyesha. Mimi nilikuwa nimekalishwa mkekani ndani, na mjane hakuruhusiwa kutoka. Niliisikia ikivipiga.

Aliyetoka ni mama mkwe, ambaye hakujua kusoma. Aliokota alivyoweza, akavifunga katika khanga yake, akaja kuniwekea mapajani. Vilikuwa vimevimba, kurasa zimegandana.

Tangu hapo niliandika taarifa tu: madawati, vyoo, mahudhurio. Ninyi vijana mnaoandika sasa mnaniuliza kwa nini jina langu lilipotea magazetini. Wengi walidhani ni majonzi ya mume. Majonzi yalikuwepo, lakini hata seremala akinyang'anywa randa na msumeno hatuulizi kwa nini hatengenezi viti. Nilijaribu kukusanya upya. Mshahara wa Kongwa uliishia kwenye ada za watoto wetu, na vitabu vya aina ile havikuwa vikichapwa tena.

Nilipostaafu niliandika hadithi moja, ya mwanamke wa Kongwa aliyezika mumewe. Ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Mama mkwe siku hizi anaishi kwangu, macho yamekwisha. Nilimsomea kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya shuka.

Nilipomaliza akauliza, "Na zile nyingine ulizokuwa uandike, mwanangu?"

"Hazipo, mama."

Akavuta shuka hadi mabegani, akaniomba nizime taa, ingawa haioni.