Siku Tatu za Kumzungusha Mama

Pale Mashimoni, mtaa wetu wa Nairobi, mgeni yeyote kutoka nyumbani alikabidhiwa mimi. Nilimjua mpiga picha wa Uhuru Park asiyekata watu miguu, na nilijua pa kusimama ili chatu wa makumbusho akugeuzie kichwa. Kwa kutembeza wageni hakuna aliyeniweza, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo mama yangu alipokuja kutoka Magharibi mwa Kenya sikubabaika, ingawa nilijua kilichomleta. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na fundi wa viti, na baba alitaka kujua kama ninaishi kama mtu. Kama sivyo, mama arudi nami. Mimi sikuwa na nia ya kurudi kokote. Nilipanga kumwonyesha Nairobi mpaka achoke, asahau kuuliza kuhusu nyumba.

Nyumba yenyewe hangeweza kuingia. Kwetu mama mkwe haingii palipo na kitanda cha mkwewe, nasi tulikuwa na chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka mlangoni. Mama alilala kwa shangazi, mtaa wa Kongo kule Kawangware, nami nikamfuata huko kila asubuhi.

Siku ya kwanza, makumbusho. Mama alimzunguka yule tembo wa sanamu mara mbili, akauliza ni nani aliyemlisha hadi akawa hivyo. Siku ya pili nilimpandisha mashua Uhuru Park, akaimba nyimbo za kanisa mpaka tuliposhuka. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Siku ya tatu tulikwenda kwenye kituo cha wanyama mayatima. Simba alikuwa amejinyoosha kwenye nyasi, na mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Anapolala simba nimepaona," akasema. "Wewe unalala wapi?"

Nilipandwa na hasira, ile ya mtu aliyeshikwa. "Mama, si unajua mila?"

"Naijua kukushinda. Lakini kesho naenda. Baba yako nimwambie nimeona simba?"

Asubuhi yake nilimwambia mume wangu kitanda kitoke. Hakubisha, alichukua spana. Jirani akachungulia.

"Kwani mnahama?"

"Hatuhami," nikamjibu. "Mathe anaingia."

"Basi leta hiyo godoro kwangu, haraka!"

Mbao za kitanda tuliziegemeza nje kwenye mabati, mume wangu akaenda kujificha kwenye kioski cha maji asikutane na mkwewe, nami nikaenda kumleta mama.

Aliingia akiwa ameinama. Akatazama sufuria zangu, jiko, vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na ule ukuta mtupu kilipokuwa kitanda. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila mnyama nikashika birika tu. Akaketi, akanywa chai, akaomba kikombe cha pili.

Alipotoka alikuta zile mbao, na majirani wote wakitazama. Akageuza uso kwa aibu, maana kitanda cha mkwe hakitajwi. Halafu akakitaja.

"Mwambie bwana yako arudishe kitanda chenu ndani," akasema. "Mvua inakuja."

Akafunga leso yake vizuri, akaniambia nimsindikize stendi. Alipanda basi peke yake.