Ua wa Minyaa Nyuma ya Jumba la Mawe

Asubuhi ile nilikuwa napogoa mawaridi ya Mzee Marwa. Jumba lake lilijengwa zamani na mzungu mchimba dhahabu: kuta za mawe, baraza pande zote nne, ngazi pana za kushukia bustanini. Mzee alilinunua duara lake, shimo lake la machimbo, lilipotoa dhahabu, akaingiza ng'ombe palipokuwa na nyasi za mapambo. Kwetu Wakurya boma lina mlango mmoja, basi. Akaniagiza nizibe lango dogo la nyuma, wezi wa ng'ombe wasilitumie. Nikapanda minyaa, nikaifuma na seng'enge. Mwaka wa tatu hata kuku hakupita, nami nilijisifu sana.

Dada yangu Bhoke alikuwa amefika jana yake kutoka Kenya, alikoolewa. Baba yetu ndiye aliyetunza bustani ile kabla yangu, na sisi tulikua tukipita lango lile dogo.

"Mmejaza ng'ombe kila mahali," alinicheka, akimenya ndizi barazani. "Huyo mzungu akifufuka atalia."

Koo mbili zilikuwa zikigombea mlima wa dhahabu. Saa nne yowe likapigwa ng'ambo ya mto. Yowe likipigwa, mwanamume habaki nyumbani. Mzee na wanawe wakachukua mishale, wakakimbia. Kumbe ilikuwa hila ya kuwatoa.

Tukabaki wanawake wawili.

Watu wenye mapanga wakatokea lango kubwa la mbele.

"Twende nyuma," Bhoke akasema, akatimua mbio.

Nilitaka kumwita.

Nikajibanza chini ya ngazi. Nikasikia matawi yakivunjika, kisha kilio chake.

Wale watu wakaswaga ng'ombe, wakaenda zao. Hawakuingia ndani, hawakumgusa mtu, hata kioo kimoja hawakuvunja. Nilisimama bustanini, akili imekataa.

Nilimkuta Bhoke amenaswa kwenye seng'enge, utomvu mweupe mkali wa minyaa umemjaa machoni. Nikamwosha kwa maji, kwa maziwa, kwa chochote. Hospitali walijaribu. Hakuona tena.

Vita ile iliua watu wengi, na nimezika ndugu kwa sababu yake. Lakini kwenye jumba lile aliumia mtu mmoja tu, na hakuumizwa na adui.

Siku ya tatu akaniuliza, "Nani aliziba pale?"

"Mzee," nikamjibu.

"Mungu amsamehe."

Miaka imepita. Kila Jumapili namshika mkono kwenda kanisani, na bado sijamwambia.