Nilipohamia Nyuma ya Matete

Mwanangu, siku ile ya mvua kule Mbuba siisahau mpaka leo. Nilikuwa bibi harusi mbichi, sijamaliza hata msimu mmoja kwa wakwe. Tuliishi kwenye msonge wa mama mkwe: moto katikati, nyasi safi zimetandikwa kuuzunguka, na nyuma kabisa ukuta wa matete ulioficha kitanda. Pale kwenye nyasi ndipo tulipokula, tulipopokea wageni, na hata tulipogombana.

Wifi yangu Yustina, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema mbele ya jirani kwamba maharage yangu yanafaa kupandwa, si kuliwa. Watu wakacheka. Nikachota sehemu yangu kwenye jani la mgomba, nikaenda kula peke yangu nyuma ya matete. Iliniuma sana. Moyoni nilishaamua: kukicha narudi kwetu Biharamulo, ndoa ibaki na wenyewe.

Mama mkwe hakunifokea. Akanyanyua chungu, akaita, "Haya nyote, bibi harusi amehama. Tumfuate!"

Wakaja kweli! Mama mkwe, Yustina, jirani na watoto, wote wakabanana kitandani kwangu. Yustina akanikalia mguu, akaruka kwa kushtuka, akakipiga chungu teke. Maharage yote yakaishia kwenye mkeka wangu wa kulalia. Nikajitahidi kuendelea kununa, nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaniomba radhi papo hapo.

"Huku ni kwa kulala," mama mkwe akaniambia. "Ukikasirika, kaa pale motoni ukasirike, tukuone. Tutajuaje umeumia kama umejificha?"

Sikurudi kwetu. Na wewe ulipozaliwa, mikono ya kwanza kukupokea ilikuwa ya Yustina.

Sasa unajenga pale Benaco, matofali ya kuchoma na bati. Nafurahi sana; msonge ulivuja, tusidanganyane. Lakini fundi amenionyesha ramani: kila mtu na chumba chake, kila chumba na televisheni yake, na sebule ambayo mbuzi wawili hawapishani. Humo mtasalimiana kwa simu? Punguza vyumba, panua sebule. Mle pamoja hata siku mliyokoseana, hasa siku hiyo. Msingi haujachimbwa, kwa hiyo hujachelewa.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele, mwanangu. Na mkeo akikununia, akununie mbele ya macho yako, kisha mcheke kabla chakula hakijapoa.